Kitabu chako kikae Amazon peke yake? Mwongozo kamili wa KDP Select na siku za bure

Ukishapandisha faili la kitabu na jalada kwenye KDP (Kindle Direct Publishing), huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, unafika kwenye ukurasa wa bei. Juu kabisa ya ukurasa huo kuna kisanduku kinachokualika ujiunge na KDP Select. Waandishi wengi hukitia tiki bila kusoma, kwa kuwa kimewekwa mahali ambapo mtu amechoka na anataka kumaliza. Tiki hiyo ni mkataba wa siku 90 unaosema kwamba kitabu pepe chako hakitapatikana popote pengine duniani, na siku hizo zikiisha mkataba unajihuisha wenyewe mpaka uuzuie.

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayejichapishia mwenyewe: aliyeko Dar, Nairobi au Kampala anayeandika kwa Kiingereza, aliyeko Lubumbashi au Bujumbura anayeandika kwa Kifaransa, na yule anayeandika simulizi za Kiswahili anayejiuliza kama Amazon inamhusu. Nitasema mapema ninakosimama. Kujifunga na duka moja kuna faida pale tu wasomaji wako wanapokuwa tayari wamo ndani ya duka hilo, na kugawa kitabu bure kuna faida pale tu kunapokuwa na kitu cha kununua baada ya kile cha bure.

Hatua ya 1: Tenganisha KDP na KDP Select

Watu huchanganya mambo haya mawili. KDP ni mlango wa kuuzia vitabu Amazon. Unaweza kuutumia miaka kumi bila kujifunga na mtu, huku kitabu hicho hicho kikiuzwa Kobo, Apple Books, Google Play na kwenye simu yako. KDP Select ni mpango wa hiari ndani ya KDP, ulioanzishwa Desemba 2011. Ukijiunga unapata vitu vitatu ambavyo wengine hawana.

Kwanza, kitabu chako kinaingia Kindle Unlimited, huduma ya wasomaji wanaolipa kwa mwezi (Marekani ni dola 11.99) na kusoma watakavyo. Wewe unalipwa kwa kila ukurasa uliosomwa. Pili, unapewa siku 5 za kugawa kitabu bure katika kila kipindi cha siku 90. Tatu, unaweza kutumia punguzo la muda linaloitwa Kindle Countdown Deal badala ya siku za bure. Katika kipindi kimoja unachagua moja kati ya hayo mawili.

Unachotoa ni upekee wa maandishi ya kidijitali. Kitabu cha karatasi hakimo kwenye kifungo: chapisha, peleka maduka ya vitabu, uza kwenye matamasha. Kitabu cha sauti nacho hakimo, kwa hiyo simulizi yako ikisomwa YouTube hujavunja mkataba, ilimradi maandishi yenyewe hayakuwekwa pale chini ya video. Unaruhusiwa pia kuonyesha kionjo kisichozidi asilimia 10 ya kitabu popote upendapo, na kumtumia nakala mhariri au msahihishaji wako.

Kilichobaki karibu chote ni marufuku, hata kama hutozi senti. PDF kwenye kundi la Telegram, sura zote kwenye ukurasa wako wa Facebook, nakala ya zawadi kwa waliojiandikisha kwenye orodha yako ya barua pepe: Amazon haijali kama ulilipwa au la. Inachoangalia ni kama maandishi hayo yanapatikana.

Hatua ya 2: Tazama wasomaji wako wako wapi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuanze na Kiswahili. Katika orodha ya lugha ambazo KDP inazikubali kwa vitabu pepe, Kiafrikaans kimo, Kiswahili hakimo. Ifungue mwenyewe kwenye kurasa za msaada za KDP siku utakayoamua, maana orodha kama hizo hubadilika. Kwa sasa maana yake ni kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kuzuiwa wakati wowote, leo au baada ya miezi sita kikiwa na maoni ya wasomaji juu yake. Wapo wanaoandika kwenye fomu kwamba lugha ni Kiingereza ili kipite. Usifanye hivyo. Msomaji wa Ohio akipakua akakuta hajui neno hata moja, atalalamika, na malalamiko hayo yanahesabiwa kwenye akaunti yako yote, pamoja na vitabu vyako vya Kiingereza.

Halafu wasomaji wa Kiswahili wenyewe wako wapi? Anayeuza simulizi anajua. Wako kwenye makundi ya WhatsApp, ambako kila usiku inaangushwa sehemu mpya na chini yake kuna maneno kama haya: "Sehemu ya 47 hiyo hapo wapendwa. Anayetaka full ni 3,000 tu, tuma kwa namba hii, jina litatokea, kisha njoo inbox." Mfumo huo hauna kadi ya benki wala kodi ya Marekani, na hela inaingia kabla chai haijapoa. Kindle Unlimited haijafunguliwa Afrika Mashariki, kwa hiyo ukiingiza simulizi yako Select utakuwa umewaondoa wasomaji wanaokulipa leo, ili uwapate wasomaji wasiojua lugha unayoandika. Mwandishi wa namna hii aruke mpaka hatua ya 7.

Kwa anayeandika Kiingereza hali ni nyingine. Soko kubwa la vitabu pepe vya Kiingereza liko Marekani na Uingereza, na huko wasomaji wa mapenzi, fantasia na hadithi za kusisimua ndio wanaoishi ndani ya Kindle Unlimited. Hao humaliza kitabu kwa siku mbili na kutafuta cha pili. Ukiandika mfululizo wa vitabu vitatu vya namna hiyo, Select ni mahali pazuri pa kuanzia hata kama hujulikani na mtu, kwa sababu msomaji aliyekwisha lipia mwezi mzima haoni hasara kukujaribu. Tena kitabu kikiazimwa, kinapanda kwenye orodha ya mauzo kama kilichonunuliwa.

Anayeandika mashairi, kumbukumbu za maisha, vitabu vya biashara au vya watoto vya picha, faida hiyo inapungua sana. Malipo ni kwa ukurasa, na kurasa hana. Wasomaji wake pia wametawanyika: maktaba, shule, makanisa, Apple Books, na diaspora walioko Minnesota au Muscat ambao wangenunua kwa kiungo tu, duka lolote.

Anayeandika Kifaransa ana bahati ya kuwa lugha yake imo kwenye orodha na huduma hiyo ipo Ufaransa. Hesabu zake zinafanana na za mwandishi wa Kiingereza, ila soko ni dogo zaidi.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kitabu chako mwenyewe

Usichukue hesabu za Mmarekani anayejisifu mtandaoni. Zake na zako zinatofautiana kwa vitu viwili: kodi na mahali alipo mnunuzi.

Tuchukue riwaya moja. Bei yake dola 2.99, faili lina ukubwa wa MB 1, na KDP imeihesabia kurasa 300. Kurasa hizo si za kitabu cha karatasi; Amazon ina kipimo chake inachokiita KENPC, na utaiona namba ya kitabu chako kwenye ukurasa wa matangazo ukishajiunga.

Mrabaha, yaani sehemu ya bei unayolipwa wewe, una viwango viwili, asilimia 70 na asilimia 35. Kupata 70 bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na mnunuzi awe kwenye nchi zilizoorodheshwa. Marekani, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya zimo. Kenya na Tanzania hazimo. Kwenye kiwango cha 70 unakatwa pia senti 15 za dola kwa kila MB kama gharama ya kufikisha faili.

Mnunuzi wa Marekani: toa 0.15 kwenye 2.99, zidisha kwa 0.70, unapata dola 1.99. Mnunuzi wa Dar kwa kitabu hicho hicho: asilimia 35 ya 2.99, dola 1.05. Shangazi yako wa Mbezi anayenunua kwa kukupenda anakupa karibu nusu ya anachokupa mgeni wa Texas.

Sasa Kindle Unlimited. Fedha hutoka kwenye mfuko mmoja ambao Amazon hutangaza ukubwa wake kila mwezi, ukagawanywa kwa kurasa zote zilizosomwa. Ndiyo maana malipo ya ukurasa hupanda na kushuka. Kwa miaka sasa yamekuwa yakizunguka kati ya senti 0.4 na 0.5 za dola. Tukishika 0.45, msomaji akimaliza kurasa 300 unapata dola 1.35. Akichoka ukurasa wa 40, unapata senti 18. Linganisha na kitabu unachokiuza senti 99: mrabaha wake ni asilimia 35, yaani senti 35. Msomaji mmoja wa Unlimited anayemaliza riwaya anakulipa karibu mara nne ya mnunuzi wa senti 99. Hiyo ndiyo sababu waandishi wa riwaya ndefu huing'ang'ania Select, na ndiyo sababu kitabu cha watoto cha kurasa 30, chenye senti 13 kwa kila msomaji, hakina biashara mle.

Kisha kodi. Ukifungua akaunti ya KDP unajaza mahojiano ya kodi ya Marekani, ambayo kwa mtu binafsi asiye Mmarekani huishia kwenye fomu W-8BEN. Mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kama nchi yako haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote hazina. Kwa hiyo ile 1.99 inakuwa 1.39, na ile 1.35 ya Unlimited inakuwa kama senti 95. Namba yako ya mlipakodi, TIN ya TRA au PIN ya KRA, unaiweka kwenye fomu, lakini haiondoi makato hayo. Fanya hesabu zako zote kwa namba za baada ya makato.

Sasa linganisha na mwandishi wa WhatsApp. Wasomaji 100 kwa shilingi 3,000 ni 300,000. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, hizo ni dola 120. Ili uzipate kupitia Unlimited, unahitaji wasomaji wa Marekani kama 126 wasome riwaya yako mpaka neno la mwisho. Hawa 126 wanapatikana, lakini wanatafutwa kwa matangazo, na matangazo yanalipiwa. Tena Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha: cha Januari unakiona mwisho wa Machi. Wengi wa huku hupokea kupitia akaunti ya Payoneer kisha huhamishia benki, na kila kituo kina ada yake.

Hatua ya 4: Ukiamua kuingia, fagia kwanza

Usitie tiki kabla hujahakikisha maandishi hayapo kwingine. Hii ni kazi ya wiki nzima, si ya jioni moja.

Anza na maduka. Kitabu kikiwa Kobo, Apple au kwa msambazaji kama Draft2Digital, kiondoe, kisha subiri ukione kwa macho yako kwamba kimetoweka kila duka. Msambazaji anaweza kukuandikia kwamba ombi limepokelewa huku duka la mwisho kwenye mnyororo likikionyesha kwa siku kadhaa zaidi. Endelea na Wattpad, blogu, kurasa za Facebook. Kama uliandika riwaya hadharani sura kwa sura, kama wengi wetu, futa au ficha zote, ubakize zile za mwanzo zisizozidi asilimia 10. Pima asilimia hiyo kwa idadi ya maneno, usikadirie.

Kisha chukua sentensi moja yenye maneno ya pekee kutoka katikati ya kitabu, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute Google. Rudia kwa sentensi nne au tano za sura tofauti. Utashangaa PDF yako imefika wapi. Nakala za wizi ni tatizo la kweli: Amazon ikiikuta haijui nani aliyeiweka, inakuandikia wewe, na inatarajia majibu ndani ya siku chache. Ukiikuta mapema, mwandikie mwenye tovuti aiondoe na uhifadhi barua hiyo. Picha ya skrini yenye tarehe itakusaidia siku utakapoulizwa.

Makundi ya WhatsApp hayatafutiki Google, lakini mtu mmoja mwenye kinyongo anatosha kupiga ripoti. Kama nakala kamili zimeshasambaa kwenye makundi kumi, kitabu hicho kiache nje ya Select. Ingiza kipya ambacho hakijawahi kutoka.

Ukijiunga, ndani ya siku 3 za mwanzo unaweza kughairi. Baada ya hapo umefungwa mpaka siku ya 90, hata ukikitoa kitabu sokoni. Kukiondoa Amazon hakukupi ruhusa ya kukipeleka Kobo.

Hatua ya 5: Siku za bure

Siku ni 5 kwa kila kipindi. Unaweza kuzitumia mfululizo au moja moja, na usipozitumia hazihamii kipindi kinachofuata. Siku hizo huhesabiwa kwa saa za Pasifiki ya Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki, siku ya bure huanza saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi chao, kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 5 asubuhi miezi mingine. Ukitangaza saa 2 asubuhi "leo bure!", watu wako wa kwanza watakuta bei kamili, na wengine watabofya wakidhani ni bure. Hao wakikatwa hela hawasahau.

Elewa kwanza bure inafanya nini na haifanyi nini. Kitabu kikiwa bure kinahamia orodha ya vitabu vya bure, iliyo mbali na ile ya vya kulipia. Ukifika namba 50 kwenye orodha ya bure, siku ya 6 unarudi kwenye ya kulipia, na vile vilivyopakuliwa bure havihesabiwi kama mauzo. Mrabaha ni sifuri. Walio wengi waliopakua hawatakifungua kamwe. Simu zao zina mamia ya vitabu vya bure. Kinachobaki ni watu wachache waliosoma kweli, na baadhi ya wanachama wa Unlimited waliokiona juu ya orodha wakakiazima, ambao kurasa zao zinalipwa.

Kwa hiyo swali ni moja: hao wachache wakimaliza, watakuta nini? Kama hiki ndicho kitabu chako pekee, na hakuna cha pili hata cha kuagiza mapema, zihifadhi siku zako. Hutapoteza kitu kwa kutozitumia. Najua raha ya kuona namba zikipanda, lakini kupakuliwa mara elfu bila pa kwenda baada ya hapo ni elfu ya bure kweli kweli.

Kama una kitabu cha pili, panga hivi. Cha bure kiwe cha kwanza kwenye mfululizo, siku zote. Fungua faili lake na uhariri kurasa za mwisho: mara tu hadithi inapoisha, kabla ya shukrani na wasifu wako, weka aya moja ya kumvuta msomaji, kiungo cha kitabu cha pili, na sura yake ya kwanza. Msomaji ana dakika mbili za kukupenda sana, nazo ni pale neno la mwisho linaposomwa. Ukimpitisha kwanza kwenye orodha ya majina ya kamati ya kanisa iliyokuombea, umempoteza. Weka pia kiungo cha orodha yako ya barua pepe. Zawadi ya kujiandikisha iwe hadithi fupi ambayo haimo kwenye kitabu chochote kilichoko Select.

Halafu tafuta watu wa kuambiwa. Amazon haitangazi siku zako za bure kwa niaba yako. Kuna majarida ya barua pepe yanayotuma ofa za vitabu kwa wasomaji wa Marekani na Uingereza kila siku: Freebooksy, The Fussy Librarian, Robin Reads, na BookBub, ambalo ni kubwa kuliko yote, ghali kuliko yote, na wahariri wake hukataa maombi mengi kuliko wanayokubali. Bei hutegemea aina ya kitabu. Nafasi hujaa, kwa hiyo weka oda wiki kadhaa kabla. Tangazo lako la kwanza liangukie siku ya pili ya ofa, wala si ya kwanza, maana bei wakati mwingine huchelewa kubadilika kwenye baadhi ya nchi. Ukiwa na matangazo mawili, lingine liweke siku ya tatu ili kitabu kisishuke ghafla kwenye orodha.

Mimi hupendelea siku tatu au nne mfululizo kuliko moja moja zilizotawanyika, kwa sababu orodha ya bure inahitaji muda wa kukuona. Ile iliyobaki huachwa kama akiba, kwa mfano tangazo likichelewa.

Kabla hujalipa tangazo, piga hesabu hii. Tuseme matangazo yote yatakugharimu dola 60. Kitabu cha pili kinakuingizia dola 1.39 baada ya kodi. Unahitaji kuuza nakala 44 za kitabu cha pili ili urudishe hela yako tu. Kama mtu 1 katika kila 100 waliopakua atanunua cha pili, unahitaji kupakuliwa mara 4,400. Ukiwa na vitabu vinne kwenye mfululizo, hesabu inalegea, kwa sababu anayefika cha pili kwa kawaida hafungi safari hapo. Ukiwa na viwili, inabana. Baada ya ofa usihesabu mara ulizopakuliwa. Subiri wiki sita, kisha angalia mauzo na kurasa zilizosomwa za kitabu cha pili na cha tatu, ulinganishe na wiki sita za kabla.

Kuna mitego miwili inayowapata watu wa huku zaidi. Wa kwanza ni kuomba ndugu na marafiki wapakue na waandike maoni. Ili mtu aandike maoni Amazon ya Marekani, lazima awe ametumia walau dola 50 hapo katika miezi 12 iliyopita. Rafiki yako wa Tabata aliyefungua akaunti jana kukusaidia hataweza, na ndugu yako hapaswi kuandika hata akiweza, kwa kuwa kanuni zinamkataza. Mtego wa pili ni wale wanaokuja inbox wakikuahidi "downloads 10,000 guaranteed" au kurasa za Unlimited. Kurasa hizo husomwa na roboti, Amazon huzifuta, na inayofungiwa ni akaunti yako. Yule wa inbox hutamwona tena.

Hatua ya 6: Punguzo la muda

Hili ni fupi. Countdown Deal hufanya kazi kwenye maduka mawili tu, la Marekani na la Uingereza. Kitabu kiwe kimekaa Select angalau siku 30, na bei yake isiwe imeguswa kwa siku 30 kabla ya ofa. Kwa hadi siku 7 unaweza kukishusha mpaka senti 99, msomaji anaona saa ikihesabu kurudi nyuma, na wewe unabaki kwenye asilimia 70 hata bei ikiwa chini ya dola 2.99. Ni chombo kizuri kwa kitabu cha pili au cha tatu, kwa wasomaji waliokwisha kukujua. Kwa kitabu cha kwanza cha mtu asiyejulikana, bure inafika mbali zaidi.

Hatua ya 7: Ukiamua kutojifunga

Acha kisanduku kitupu, uza Amazon kama kawaida, kisha panua. Draft2Digital, iliyoungana na Smashwords mwaka 2022, itakufikisha Apple, Kobo, Barnes & Noble na maktaba nyingi kwa faili moja. Huchukua takriban asilimia 10 ya bei kila nakala ikiuzwa. Apple hulipa asilimia 70 bei yoyote ile, Kobo asilimia 70 kuanzia dola 2.99. Mauzo ya njia hii huja polepole. Usihukumu kabla ya mwaka, na usiingie na kutoka Select kila miezi mitatu, kwa sababu kila ukitoka unaanza upya kwenye maduka mengine, viungo vimekufa na maoni yamepotea.

Bure ipo huku pia, tena haina kikomo cha siku 5. KDP haikuruhusu kuweka bei ya sifuri, lakini ukikifanya kitabu cha kwanza kuwa bure Apple na Kobo, unaweza kuwaandikia KDP kuwaomba walinganishe bei. Mara nyingi hukubali, ingawa uamuzi ni wao. Kitabu cha kwanza kikiwa bure mwaka mzima, viungo vyake unaweza kuvibandika kila mahali bila kuangalia kalenda.

Kwa anayeuza Kiswahili moja kwa moja kwa M-Pesa, Airtel Money au Lipa Namba, duka ni simu yake na adui ni nakala inayorushwa. Hutaizuia kabisa, ila unaweza kuitia aibu: kila nakala unayotuma iandike jina la mnunuzi na tarakimu nne za mwisho za namba yake kwenye ukurasa wa pili na sehemu moja ya katikati. Mtu hufikiri mara mbili kabla ya kurusha kundini kitu chenye jina lake. Tengeneza PDF ya ukubwa wa skrini ya simu, herufi kubwa, kingo nyembamba. Ile ya A4 inamlazimu msomaji kuvuta kushoto na kulia kila mstari, na huyo hatanunua ya pili. Sehemu za bure za kila usiku ndizo siku zako za bure. Kanuni ni ile ile: zikatie pale penye kiu, na maneno ya malipo yafuate hapo hapo. Ukiwa na simulizi tatu zilizokamilika, ya kwanza igawe yote, na mwisho wake uweke mwanzo wa ya pili.

Kazi yako ilindwe pia kwa karatasi. Ofisi ya hakimiliki Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kitabu pepe cha Amazon hakihitaji ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, lakini cha karatasi kinachokwenda madukani kinaihitaji, na Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Hatua ya 8: Siku ya 75

Siku unayojiunga Select, weka kikumbusho kwenye simu cha siku ya 75. Siku hiyo fungua ripoti na uangalie kurasa zilizosomwa kwa mwezi, zidisha kwa malipo ya ukurasa ya mwezi uliopita, toa asilimia 30. Linganisha na mauzo ya kawaida ya kitabu hicho hicho. Kama kurasa zinaleta chini ya robo ya mapato yote, sioni sababu ya kubaki. Kama zinaleta nusu au zaidi, kaa kipindi kingine na panga siku zako 5 mapema safari hii.

Ukitoka, kujihuisha kunazimwa kwenye ukurasa ule ule wa matangazo wa kitabu hicho, na kila kitabu kinazimwa kivyake. Ukiwa na vitabu vitatu vilivyoingia tarehe tofauti, vitatoka tarehe tofauti. Piga picha ya skrini yenye tarehe ya mwisho. Usipandishe Kobo siku hiyo. Subiri kesho yake, hakikisha dashibodi haionyeshi tena kwamba kitabu kimo, ndipo ukipeleke kwingine.